Vitundu Vilivyozibwa Ipogolo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Mbalizi, Foromani alinipa kipande cha boksi akaniambia nikalale chini ya gari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, na nilikuwa nimevaa sketi juu ya suruali kwa sababu mama alisema nisiende kujidhalilisha mbele ya wanaume. Nikatandika boksi, nikajisukuma chini.

"Unaona nini?" Foromani akauliza. Niliona viatu vyake tu.

"Naona uchafu."

"Basi kaa huko mpaka uone kingine."

Gari lilikuwa limetoka kuoshwa. Nikakaa, mgongo ukaniganda, maana asubuhi za Mbalizi hazina huruma. Mwishoni nikasema naona maji yanadondoka chini ya milango, upande huu na upande ule.

"Hapo sasa! Gari zima likioshwa linakojoa. Lisilokojoa linaumwa. Toka, uje unywe chai."

Wanaume wa gereji walicheka kwa sababu ya neno lenyewe na kwa sababu ya mimi msichana. Foromani hakucheka. Alinionyesha kwamba kila mlango wa gari una vitundu chini kabisa, na lile boksi la chuma linalopita chini ya milango nalo lina vyake. Mvua inapita pembeni ya kioo, inashuka ndani ya mlango, inatokea kwenye vitundu. Vikiziba, maji yanabaki ndani. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinaliwa.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote: kukinga magari yasiliwe na kutu. Naandika kwa ajili ya mabinti wanaomaliza fomu foo sasa na kuambiwa waende gereji, kwamba siku hizi ufundi ni wa wote. Nendeni. Lakini nendeni mkijua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari linainuliwa, linaoshwa chini kwa maji ya nguvu mpaka tope lote la pembe za matairi litoke. Kisha linaachwa likauke, na hapa ndipo wateja walipokuwa wanatukana, kwa sababu kwa baridi ya Mbeya kukauka ni siku nzima, na wao wanataka saa hiyo hiyo. Likikauka unalala chini na brashi ya waya, unakwangua kila palipofanya wekundu mpaka uone chuma cheupe. Unapaka praima, ile rangi ya kwanza. Praima ikishika ndipo unapuliza lami, yaani ile rangi nzito nyeusi ya chini, inayopokea mawe ya barabarani badala ya chuma. Mwisho ni nta ya ndani: mpira mwembamba wenye pua unauingiza ndani ya milango na ndani ya yale maboksi ya chuma, nta inajipaka mahali ambapo mkono wa mtu haufiki.

Kabla ya kupuliza lami, Foromani alitaka kila kitundu kichomekwe njiti ya mwanzi. Alikuwa anazichonga mwenyewe akiwa ameketi kwenye tairi bovu. Ukimaliza kupuliza, unachomoa njiti, kitundu kinabaki wazi. Ole wako asubuhi akute njiti imesahauliwa.

"Huyu mmemfunga kibofu," alikuwa anasema. "Nani kamfunga kibofu?"

Wateja tuliwapata wa kila namna. Wapo waliotaka tuwapulizie oili chafu chini ya gari, kama babu zao walivyofanya. Foromani aliwaeleza kwamba oili chafu inalainisha bushi za mpira zinavimba, halafu vumbi linaganda juu yake, tope likija linashika hapo hapo. Walikuwapo pia wafugaji wa Usangu waliokuwa wanabebea ng'ombe kwenye pikapu. Mmoja, Msukuma mrefu mwenye kofia, alilalamika kwamba bodi la gari lake linatoboka kama chujio na wakati hapiti popote penye maji.

"Ng'ombe wako wanakunywa maji?" Foromani akamuuliza.

"Wanakunywa, mzee."

"Yanakwenda wapi?"

Yule mfugaji akacheka mpaka akashika ukuta. Tulimtolea mbao zote za sakafu, tukakwangua, tukampa kazi safi. Kila alipopita Mbalizi alipiga honi.

Nilipata ujauzito wa Neema nikiwa hapo. Nikaambiwa moshi wa rangi haumfai mwenye tumbo, nikahamishiwa kwenye kupika chai. Hilo nililikubali, lilikuwa la haki. La haki pia lingekuwa kurudishwa kazini, na Foromani alinirudisha, ingawa wapo waliokwisha kuizoea nafasi yangu wakanuna. Baba wa mtoto alikwenda machimbo ya Chunya, huko huko akapata mwanamke mwingine. Basi. Sina la kuongeza juu yake.

Kisha mwenye gereji akafungua tawi Iringa, Ipogolo, kando ya barabara kuu pale malori yanaposimama. Foromani akanipendekeza. Alinipa fungu la njiti za mwanzi limefungwa mpira, akasema, "Nenda ukafanye kama tulivyofanya huku." Nilipanda basi na mwanangu nikijiona mtu mkubwa.

Ipogolo nilimkuta Meneja. Hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa shati la kuchomekea, anayesalimia wateja "Kamwene!" toka getini na kuwashikilia mkono muda mrefu. Njiti zangu aliziona siku ya kwanza.

"Dada, hizi za nini? Unachokoa meno ya magari?"

Nikamweleza. Akasikiliza akitazama simu.

Sasa msikilize kosa la Ipogolo, kwa sababu mahali pengine sijaliona. Kiangazi kule vumbi ni jekundu, linaingia mpaka kwenye chupi. Wateja wakaamini kwamba linaingilia kwenye vitundu vya chini. Wakawa wanakuja wanataka vizibwe. Kumbe vumbi linaingilia kwenye mpira wa mlango uliochakaa, ule unaozunguka fremu. Ukibadilisha mpira vumbi linakwisha. Lakini mpira unatafutwa madukani, lami ipo hapo hapo kwenye ndoo. Meneja akaamuru: anayetaka kuzibiwa azibiwe. Ikawa sifa ya gereji yetu. Watu walitoka mpaka mjini juu kuja kuzibiwa vitundu, wakaondoka wakishukuru.

Mimi nilikataa kuziba. Meneja hakugombana, alimpa kazi hizo Kastuli, kijana wa Kihehe mpole asiyependa makuu. Kastuli aliniambia, "Mama Neema, mimi nina mdomo wa kula tu, wa kubishana nimeuacha nyumbani."

Kibasi cha wanafunzi kililetwa kiangazi hicho. Kilikuwa cha shule ya chekechea, na mwenye shule tulimwita Mama Mkurugenzi. Wazazi walikuwa wanalalamika kwamba watoto wanafika darasani wekundu kama matofali. Kastuli akaziba kila kitundu, chini ya milango na sakafuni, akapuliza lami ikang'aa. Mama Mkurugenzi akafurahi. Mwaka uliofuata Neema alifikisha umri, nikamwandikisha shule hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kibasi kilimchukua mlangoni mimi nikiwahi kazini. Nilisema kuhusu vitundu. Nilimwambia dereva, nilimwambia Meneja. Wote wakasema wataangalia.

Masika mawili yakapita. Siku moja dereva akakileta kibasi, anacheka.

"Hawa watoto wana raha! Nikipita kwenye dimbwi maji yanawarukia miguuni, wanapiga kelele, 'Anko, rudia!' Hebu tazameni kuna nini."

Nilifungua mlango, harufu ikanipokea, ile ya zulia lililolowa likakauka likalowa tena. Nikalikunja. Chini ya zulia chuma kilikuwa kimebaki kama mkate mkavu. Nikaegemeza bisibisi, sikuisukuma, niliiegemeza tu, ikapita mpaka nikaona sakafu ya gereji. Nilijaribu pembeni ya boliti inayoshika kiti cha nyuma. Boliti ikacheza pamoja na kipande cha chuma kilichoizunguka, kama jino la mtoto.

Neema alikuwa anakaa kiti cha nyuma. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempakia mimi mwenyewe.

Nikamwita Meneja. Akainama kidogo, suruali isichafuke.

"Weka bati juu, piga ribiti, paka lami, rudisha zulia. Jumatatu kinatakiwa barabarani."

"Bosi, ribiti nizipige kwenye nini? Hakuna chuma cha kushika. Hii inakatwa yote, inachomelewa sakafu mpya, viti vinafungwa upya. Na vitundu vifunguliwe."

"Halafu nimwambie Mama Mkurugenzi nini? Kwamba tuliomzibia sisi ndio tuliomwozeshea gari?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Funika, Mama Neema."

Nikatoka nje nikampigia simu Foromani. Nilijua akisema yeye, mwenye gereji atasikia; walianza naye toka karakana ilipokuwa kibanda cha mabati. Nikamweleza yote.

"Mwanangu," akasema, "mimi karibu napumzika. Nikianza kugombana na watu wa Iringa sasa hivi, nitaondoka hapa kama mwizi. Fanya unavyoona. Ila mimi usinitaje."

Nimemsamehe mengi mzee yule, hata yale ya kunilaza kwenye baridi. Hilo sijamsamehe. Alinifundisha kuona halafu akataka nione peke yangu.

Nikampigia Mama Mkurugenzi mwenyewe, nikamwambia aje atazame. Alikuja akiwa na sare ya kwaya ya akina mama, ametoka mazoezini. Nikamwonyesha tundu la bisibisi, nikamtikisia boliti. Alitazama. Siwezi kusema hakuona, aliona vizuri kabisa, mpaka akajishika kifuani.

"Kwa hiyo muda gani?"

"Kikikatwa na kuchomelewa vizuri, zaidi ya wiki, mama."

"Wiki nzima wazazi watawahamisha watoto. Ile shule ya kule juu inawasubiri tu." Akamgeukia Meneja. "Wewe unasemaje?"

"Mama, bati zuri, lami nzuri, Jumatatu unacho. Huyu dada anapenda kukuza mambo."

Mama Mkurugenzi akanitazama mimi. "Wewe si una mtoto kwangu? Si anapanda humu humu?"

"Ndiyo maana nimekuita."

Akavuta kitenge chake, akamwambia Meneja, "Jumatatu, basi." Akaondoka. Kastuli alikuwa ameshaanza kukata bati. Hakuninyanyulia macho.

Meneja akaniambia nichague, kazi au maneno. Nikaokota njiti zangu za mwanzi na boksi langu la kulalia. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kustaafu. Hapakuwa na hotuba, hapakuwa na soda, na mtu aliyenisindikiza getini alikuwa mbwa wa mlinzi.

Sikunyamaza. Asubuhi ya Jumatatu nilisimama pale watoto wanapopakiwa, nikawaambia wazazi waziwazi: msiwapandishe, sakafu imeoza, wameifunika. Mmoja akaniuliza, "Mama Neema, ulifukuzwa lini vile?" Nikasema Ijumaa. Wakatazamana. Mwingine, jirani yangu kabisa, tunayeazimana naye chumvi, alisema kwa sauti ya chini, "Nakuamini, dada. Lakini mimi nakwenda shambani sasa hivi. Mtoto aende na nini?" Akampandisha. Nilikwenda na kwa askari wa barabarani. Alikipiga kibasi tochi kwa chini, akaona lami mpya inang'aa, akakisifu.

Hapa ndipo wastaafu huandika kwamba wanamshukuru Mungu na waajiri wao. Mungu namshukuru. Gereji za Ipogolo zote zinajuana, hakuna iliyonichukua. Nauza chai kwa madereva wa malori, na bado nikimsogezea mtu kikombe nalitazama gari lake chini. Ninyi mnaoingia sasa, jifunzeni kila kitu, hata kwa atakayewakimbia baadaye. Kwangueni mpaka chuma cheupe. Msipake juu ya maji. Mkiambiwa "funika", ulizeni nani atakaa juu yake. Mtafukuzwa. Siwadanganyi kwamba hamtafukuzwa.

Neema nampeleka kwa miguu. Nimemzoesha kutazama magari tukiwa njiani, ni mchezo wetu, asichoke. Juzi mvua ilinyesha alfajiri ikakatika tukiwa barabarani. Malori, bajaji, pikapu za mchicha, vyote vilikuwa vinadondosha maji vikipita. Kile kibasi kikatupita, kikasimama mbele yetu kumpakia mtoto wa jirani. Wenzake Neema wakampungia mikono dirishani, wakimwita jina.

Yeye hakupunga. Aliinama, mkono mmoja kwenye goti, akatazama chini ya mlango.

"Mama," akasema, "hiki hakijakojoa."

Dereva akafunga mlango, wakaondoka.