Afya ya Bukene ni Nzuri

Nilirudi Tabora kukusanya data za shahada ya pili, na kiburi changu kilihitaji siti yake kwenye basi. Mama alikuwa ameshautangazia mtaa wetu wote wa Isevya kwamba mwanawe ni mtafiti. Na mimi, masikini wa Mungu, nilimwamini.

Utafiti wenyewe ulikuwa na vigeu viwili, yaani mambo mawili yanayobadilika kutoka mtu hadi mtu. Kigeu huru: umbali wa kwenda zahanati, hiyo data ya namba. Kigeu tegemezi: hali ya afya, data ya mpangilio, kuanzia mbaya hadi nzuri sana. Nilimweleza hayo hata muuza karanga wa stendi, naye akaniuliza kama ninanunua au sinunui.

Nikaenda Bukene, mji mdogo mkoani humo, nikapita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo. Hali yako ya afya ikoje?"

"Nzuri."

Naweka alama, swali linalofuata! Baba mmoja alisema nzuri huku mguu umefungwa bandeji hadi gotini. Bibi mmoja alikohoa mpaka nikamshikia kikombe cha maji, akashusha pumzi. "Nzuri, mjukuu wangu, ila..." Mimi huyo, nilishafika swali la tano.

Nikamtumia msimamizi wangu wa chuo majibu, akanipigia simu. Walio karibu na zahanati, nzuri. Walio mbali, nzuri. "Kigeu kisichobadilika si kigeu," alisema. "Ukiniletea tena hivi, sahau kuhitimu." Lo! Masikio yaliniwaka moto.

Nikarudi Isevya, nikamkuta mama uani, akimenya karanga kwa kupapasa ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeijua sauti. Habari za utafiti?"

"Nzuri."

Akasogeza kigoda kwa mguu, akaendelea kumenya. Nikakaa. Hakuuliza lingine.

"Ila..." nikasema, na hapo nikaangua kilio, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimweleza yote.

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Yaani mtu anakujibu salamu, wewe unaondoka? Habari yenyewe ilikuwa bado!"

Nikajifuta kamasi. "Na wewe, mama, hali yako?"

"Nzuri," akasema, kama alivyonijibu kwenye simu kila Jumapili kabla sijakata.

Safari hii nilivuta ungo katikati yetu, nikamenya naye, nikangoja.

"Ila macho, mwanangu," akasema hatimaye. "Tangu masika sioni vizuri."