Birika la Vyuma Mbele ya Wakwe

Aibu hii naieleza mwenyewe, si kwamba naipenda, ila nimechoka kuisikia ikielezwa vibaya, maana huko Base, kambi ya askari nje ya Kamina, kuna wanaosema mabirika yalikuwa manne na waliokunywa walikuwa kumi na mbili, na wengine wanaapa kwamba padri naye alionja, wakati birika lilikuwa moja, waliokunywa kabla yangu walikuwa watatu (nilihesabu, halafu nikahesabu tena), na padri alikuwa kanisani akitungojea. Wenye kucheka, basi, wacheke kwa hesabu ya kweli.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, ya kuitana sitwayeni badala ya bwana, na ya kungojea treni iliyotangazwa kufika juma hili ikafika juma lile. Mimi nilikuwa fundi wa kucha. Mwanaume, ndiyo, cheka umalize. Nilikuwa na kisanduku cha mbao, chupa tatu za verni, rangi ya kucha, na vyuma saba: mikasi miwili, lima mbili za kusugulia kucha, koleo la kucha ngumu za miguu, kikata-kucha kimoja, na kile kichuma cha kusukumia ngozi. Saba. Nilizunguka Kamina mjini, na siku ambazo miguu ilikubali nilipanda baiskeli mpaka Base, kwa wake za askari, kwa sababu mwanamke aliyeletwa huku kutoka Bandundu ao Équateur, asiyekuwa na dada wala shangazi karibu, anapenda kukaa saa moja mtu amemshika mkono bila kumwomba kitu.

Huko ndiko nilikomjua Mama Ajida. Mumewe alikuwa askari wa cheo cha ajida tu, lakini yeye kambini alikuwa na sauti ya koloneli. Karibu na kinyozi wa kambi kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha, kinatunza viti vilivyovunjika, na funguo yake ilikuwa kwake. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita nimechuchumaa kwenye nyua za watu, magoti yangu yalishaanza kulia kama mlango mbovu, nikakitamani kile chumba kuliko chakula. Tulibishana wiki tatu. Mwisho akasema nitengeneze mikono ya binti yake Eyenga siku ya ndoa, yeye na wasimamizi wake wanne, na akiridhika funguo ni yangu. Sharti lilikuwa moja tu: vyuma visafishwe kweli, kwa sababu dada yake aliwahi kukatwa na mkasi mchafu, kidole kikavimba, kikatoa usaha, na ile kucha haikurudi tena.

“Utabichemusha hapa kwangu,” aliniambia, “na macho yangu inaona.”

Nikakubali. Kukubali hakuna kodi.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo. Kawaida nilisafisha vyuma kwa alkoli ya farmasi, lakini alkoli ilikuwa ndani ya ile treni. Basi, kama akiba, nilibeba lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayopikwa upande wa Kaniama, niliyoipata kwa mama mmoja wa sokoni kwa kumkata kucha ishirini kwa chupa mbili (kidole kimoja cha mguu hakikuwa na kucha kabisa, tukabishana muda mrefu kama kinahesabiwa, kikahesabiwa). Kambini lutuku ilikatazwa, kwa hiyo chupa niliziviringisha ndani ya matambara. Nilifika Base jasho limenikaukia mgongoni, tumbo tupu, nikakuta uani mababula, yale majiko ya makaa, yote matano yana kazi: wali, mbuzi, kuku, kuku tena, na maji ya bibi harusi ya kuoga. Nikaomba babula moja nichemshe vyuma, mpishi akaniangalia kama vile nimeomba kuchemsha viatu. Mama Ajida alikuwa ndani akifungwa kilemba, macho yake hayaoni. Nikajiambia, lutuku inaua kila kitu, imeua mpaka mjomba wangu, itashindwa na vidudu vya kwenye mkasi?

Na kopo langu la kulowekea likawa linavuja. Mpishi akanionyesha vyombo viwili, kopo la zamani la rangi na birika la bati la emaye, jeupe lenye maua na kifuniko chake. Ningechukua la rangi, ninyi msingekuwa mnasoma hapa. Nilichukua la maua, nikamimina humo lutuku yangu yote, nikisema Mama Ajida akipita aone fundi anayejua usafi.

Kazi yenyewe ilienda vizuri, lazima niseme. Kila nilipomaliza mmoja nilivipangusa vyuma, nikavitumbukiza birikani, nikahesabu mpaka mia, nikahesabu mia tena, nikavitoa, nikavikausha kwa kitambaa safi. Vipande vya kucha havikubaki ovyo, kwetu hilo hakuna asiyelijua: kila msichana alikusanya vyake kwenye gazeti, akavikunja, akaenda kuvitupa chooni mwenyewe, maana kucha yako ikibaki mkononi mwa mtu, wewe nawe umebaki mkononi mwake. Wasimamizi wanne wakaisha, Eyenga akawa wa mwisho. Nikavikunja vyuma saba ndani ya kitambaa, birika nikaliacha juu ya benchi uani limefunikwa, nikaingia chumbani kumpaka Eyenga verni ya pili. Kumwaga ile lutuku niliona hasara. Ilikuwa bado safi kama maji ya kisima.

Wakati napuliza vidole vya bibi harusi, wakwe wakafika. Watu wa kuzaliwa na kukaa hapa, wakulima wa mahindi, Wakatoliki wa tangu babu zao, na tangu mwanzo hawakuipenda hii ndoa ya binti wa kambi, mtoto wa askari asiyejulikana kwao ni wapi. Ajida mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta lori la kuwapeleka kanisani. Majirani wakawaketisha wageni penye kivuli, kwenye benchi, penye birika.

Nilipotoka mlangoni, mzee Kabamba, mjomba wa bwana harusi na msemaji wao, alikuwa ameshafunua kifuniko. Alinusa. Uso wake ulibadilika, ile ngozi yote ya ugomvi ikalegea. Alijimiminia kikombe, akanywa taratibu, akafuta ndevu.

“Banatupokea na kinywaji ya kwetu,” aliwaambia ndugu zake. “Kumbe nabo iko bantu.”

Wakacheka, na lile benchi lililokuwa limekaza kama kamba likapumua. Mimi nimesimama mlangoni na brashi ya verni mkononi. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimeshaingia tumboni, hicho sikuweza kukirudisha. Lakini cha pili kilimiminwa mbele ya macho yangu, kikaenda kwa baba wa bwana harusi, na nilikuwa na muda wa kusema, muda wa kutosha, maana mzee alikishika akisifia kwanza rangi yake. Nikafikiri: nikisema, lutuku ni yangu, imekatazwa, chumba kimekwenda. Nikafikiri tena: angalia wanavyocheka, nani anataka kuvunja kicheko cha wakwe? (Huko kufikiri mara ya pili ni ufundi wa kutafutia uoga wako nguo nzuri.) Akanywa. Cha tatu kikaenda kwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwembamba aliyekuwa hajacheka na wengine.

Alikunywa nusu, akaacha. Akaingiza vidole viwili mdomoni polepole, akatoa kitu, akakiweka kiganjani, akakigeuza kwenye jua. Kipande chembamba, kimepinda, chenye mabaki ya verni nyekundu. Kilikuwa kimebanwa kwenye meno ya lile koleo, kikaachia ndani ya birika, mimi na hesabu zangu zote sikukiona.

“Ni kucha,” alisema. “Kucha ya muntu.”

Hata mpishi aliacha kukoroga. Kisha shangazi akauliza, bila kupandisha sauti, kama kuna yeyote aliyemwona mtu wa nyumba hii akionja kinywaji kabla ya wageni. Hakuna aliyemwona. Wanaume wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakikung'uta suruali, na bwana harusi, aliyekuwa amesimama kwenye lango na suti ya kuazima, akaangalia chini. Mama Ajida akatoka mbio, kilemba nusu, akasikia, akaapa.

“Mu nyumba yangu lutuku haiko. Bwana yangu ni ajida, hii kitu itamutoa mu kazi.”

“Basi ilikuya na miguu yake?” shangazi akamuuliza.

Dirishani alikuwepo Eyenga. Alikuwa analia bila kujifuta, mikono ameinyoosha mbele, vidole amevitanua, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asiguse kitu mpaka verni ikauke, na mpaka wakati ule, ndoa inavunjika mbele yake, alikuwa bado ananitii. Hilo ndilo lililonitoa mlangoni.

“Ilikuya na kinga yangu, mama,” nikasema, nikionyesha baiskeli. “Minyi njo mwenye lutuku.”

Nikaeleza yote: treni, alkoli, mababula matano, birika la maua. Nikakunjua kitambaa, nikaviweka vyuma saba miguuni pao kama mtu anayesalimisha silaha. Mzee Kabamba aliinama kuviangalia. Akauliza vyuma hivi vililowekwa humo baada ya kukata nini. Nikasema mikono ya wasimamizi na ya bibi harusi. Akauliza mikono tu? Nikasema na miguu. Akafumba macho kidogo. (Ya sajini wa jikoni, niliyemkata kucha za miguu asubuhi ileile getini kwa lile koleo, sikuitaja. Naitaja leo.) Msimamizi mmoja akaja, akanyoosha kidole, akasema kile kipande ni chake, akakiomba, shangazi akamnyima.

“Kama iko ya kuosha byuma tu,” aliniambia, “kunywa.”

Hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu, hata mimi. Aliyeleta ndiye anayeonja, ingekuwa nimeonja tangu mwanzo tusingefika hapo. Wakanipa kigoda katikati ya uwanja. Kwenye birika vilikuwa vimebaki vikombe viwili na tope kidogo, nikanywa cha kwanza, nikanywa cha pili, wakaniinulia birika na tope likashuka. Ladha sitaieleza, mnayo miguu na ninyi.

Kisha wakakaa kuningojea. Nikianguka, ni dawa ya uchawi, wanarudi kwao na kijana wao. Nisipoanguka, ni kucha tu. Sasa mtu ambaye hajala tangu jana, aliyenyonga baiskeli asubuhi nzima, aliyekunywa vikombe viwili vya lutuku ya Kaniama juani, aketi wima mbele ya watu arobaini kama ameketi kanisani. Uwanja ulianza kunizunguka polepole, mababula yakawa kumi. Nilikaza macho kwenye vyuma, nikavihesabu kwa sauti, saba, nikavihesabu tena, nikapata tisa, nikaanza upya. Watoto walikuwa wanacheka, wake za askari, wateja wangu wote, walikuwa wamejaa kwenye ua wakinong'onezana ni yupi kati yao angekubali nimkate kucha kesho. Wali uliiva, ukaepuliwa, mimi bado nimeketi.

“Hakuanguka,” shangazi akasema mwishowe, akamrudishia msichana kucha yake. “Tuende, padri anangoya.”

Wakaondoka na Eyenga, lori, nyimbo, vumbi. Niliposikia lori limepita lango ndipo nikajiruhusu, nikalala chini palepale kando ya kigoda, kama gunia lililokatwa kamba.

Jioni Mama Ajida alirudi akanikuta nimeegemea ukuta. Aliketi karibu yangu, amechoka kama mimi, akavua viatu. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

“Makucha ya mutoto ilikuwa muzuri, Banza,” alisema. “Chumba, hapana.”

Alikuwa na haki. Kopo la rangi ninalo sasa na vyuma nachemsha kwenye babula yangu, lakini hilo ni la kazi, fundi yeyote atakuambia. Langu ni la vile vikombe. Cha kwanza kilinikuta mlangoni, cha pili na cha tatu niliviachia mwenyewe kwa kukitunza chumba ambacho nilikuwa bado sijapewa, na nikakikosa vilevile, na wale wazee wawili wakanywa miguu ya watu bure. Kwa hiyo mkiniona siku hizi napiga kelele mapema kwa jambo dogo, mniache. Nimeapa: kosa langu likianza kumiminwa nitalitaja kabla halijafika mdomoni mwa mtu wa pili, hata kama wangu umejaa tonge la bukari.