Upinde Katika Mzigo wa Miwa

Habarurema alikuwa mtu wa maneno machache, mpaka umuulize habari za upinde wake. Hapo, jamani, ungejuta. Angekuanzia kwa marehemu baba yake aliyeuchonga, apite kwa mti wenyewe, ambao siku hizi hauonekani tena, na ukitoka hapo chakula chako kimepoa. Kwa upinde huo alilinda mashamba ya watu wa kijiji cha Kalengera dhidi ya nguruwe mwitu, na nyama iliyopatikana walikula yeye na majirani. Hakuwa na urithi mwingine.

Mwaka wa 2008, mwezi wa kumi, vita vilipokaribia, alimpandisha mkewe Béata na watoto kwenye lori la Goma, yeye akabaki kulinda maharagwe yaliyokuwa karibu kuiva. Siku ya tatu risasi zilifika ukingoni mwa shamba. Maharagwe aliyaacha, upinde akaubeba, akaingia porini pamoja na watu wengine kumi na wawili, maana barabara ilikuwa imefungwa.

Kupita vichakani na upinde si mchezo. Ukiuacha na kamba yake, kila tawi linataka kujipenyeza kati ya kamba na mti. Mwiba ukiikata kamba, mti unafyatuka na unaweza kupasuka. Kwa hiyo Habarurema aliivua kamba ile ya mshipa wa ng'ombe, akaiviringa na kuificha ndani ya kofia yake ya sufu isilowe. Mti wenyewe aliufunga kwa maganda makavu ya mgomba, akaushika ubavuni, ncha ikitangulia chini chini. Penye matete mazito aliulaza chini, akausukuma mbele taratibu, kisha akatambaa kuufuata. Mara mbili aliteleza kwenye tope, na mara zote mbili aliona heri aangukie kiwiko kuliko kuuegemea kama mkongojo. Kiwiko kilivimba, upinde haukupata hata mkwaruzo.

Nyuma yake alitembea Mama Masika, mwanamke wa Butembo wa miaka hamsini hivi, aliyekuja Kalengera kununua miwa ya kwenda kuuza Goma. Vita vilimkuta na mzigo kichwani, naye hakuutua. Njia nzima alikuwa akikata vipande na kuwapa watoto waliolia kiu.

"Weye papa," alimwambia, "hii fimbo yako unaibeba sawa mutoto wa siku mbili."

"Si fimbo, mama," Habarurema akajibu kwa fahari. "Ni upinde."

Laiti angejinyamazia! Msafara mzima ulisimama. Théoneste, mwalimu aliyekuwa akiwaongoza, alirudi nyuma akiwa amekunja uso.

"Upinde? Muzee, tukikuta benye bunduki, batasema sisi wote tuko bapiganaji. Batatuua sababu ya mti. Tupa!"

Mwalimu alikuwa na haki, na Habarurema alijua hivyo. Aliutazama upinde, akautazama uso wa mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, akaona aibu. Lakini mkono wake ulikataa kufunguka. Akasema basi watangulie, atapita njia yake peke yake. Wakati huo Mama Masika alikwisha kuutua mzigo wake na kuufungua.

"Lete hapa," alisema. "Muko napoteza wakati."

Akauchomeka upinde katikati ya miwa, akaufunika kwa majani yake makavu, akafunga. Bila kamba ulikuwa mti tu, na urefu wake haukuzidi miwa. Mwalimu aliuzunguka mzigo, akauinamia, hakuona kitu, akaguna na kuongoza tena njia. Habarurema naye akaanza kumwaga maagizo: usiegemezwe ukutani utapinda, usiwekwe karibu na moto utapasuka, usilowe, upakwe mafuta kidogo.

"Nimesikia, papa! Unaniachia upinde ao bibi-harusi?"

Watu walicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Jioni walikuta kizuizi. Wanaume waliambiwa wakae upande mmoja, wanawake wapite. Mpiganaji mmoja aliushika mzigo wa Mama Masika. Habarurema akaona kwamba sasa si upinde peke yake ulio hatarini. Ukionekana, mama huyu atakufa kwa ajili yake.

Mama Masika hakungoja kupekuliwa. "Muna njaa, batoto bangu? Hii ndiyo tamu," akawachomolea mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Kisha wa pili. Mwingine akataka, akampa. Aliwachagulia miwa kama yuko sokoni, huku mzigo ukizidi kukonda, mpaka ikabaki mitatu imeukumbatia upinde. Wale vijana, midomo imejaa, wakampungia mkono apite. Akapita bila kugeuka.

Wanaume walibebeshwa magunia siku mbili, kisha wakaachiwa. Habarurema alifika Goma amevimba miguu, akampata Béata na watoto kambini, wote wazima, akamshukuru Mungu kwa sauti. Baada ya hapo akauliza kama wamemwona mama mmoja mwenye miwa.

"Aksanti sana," Béata akasema. "Miye mwenyewe haujaniuliza kama nimekula."

Alimtafuta Mama Masika miezi minne. Aliuliza kwa kila muuza miwa mjini, akitembea kwa miguu juu ya mawe meusi ya volkano. Kadiri siku zilivyopita hofu moja ilimkaa moyoni. Kuni zilikuwa zimeadimika. Kambini watu walichoma viti, walichoma vinu, walichoma hata milango. Nani angeuhurumia mti mkavu, tena wa mtu asiyemjua?

Mwishowe, katika mtaa wa Ndosho, nyuma ya karakana za mafundi vyuma, alielekezwa kwenye chumba kimoja cha mbao. Mama Masika alikuwa nje akipika maharagwe kwa moto wa magunzi. Alimtambua mara moja.

"Ah, papa wa upinde! Nilizani bamekuua."

Ulikuwa ndani, umening'inia kwa uzi toka darini, mbali na ukuta, mbali na moto, umefungwa kwa kitenge kizuri cha kwendea misa. Habarurema aliufungua. Uling'aa. Ulinukia mawese. Aliupapasa toka ncha hadi ncha akitafuta ufa, hakuuona. Alipoinua macho kushukuru ndipo alipokiona chumba chenyewe. Kulikuwa na sufuria, ndoo, na pembeni majani ya mgomba yaliyotandikwa kwenye sakafu.

"Mama, kitanda chako kiko wapi?"

Mama Masika akacheka, akaelekeza kidole kwenye mafiga. "Mwezi wa kwanza kuni zilikosa kabisa. Jirani akasema, chukua ile fimbo ya juu. Nikamwambia hapana, kitanda ni changu, ile si yangu."

Habarurema, aliyewahi kukabili nguruwe mwitu uso kwa uso, alikaa chini kizingitini akalia mbele za watu. Alirudia aksanti, aksanti, mpaka Mama Masika akamwambia anyamaze, maharagwe yataungua.

Wiki hiyo nzima alifanya kazi kwa seremala mmoja apate mabanzi na misumari. Hakuwahi kutengeneza kitanda maishani mwake. Alikileta Jumamosi kichwani, akakiweka ndani, nacho kikainamia upande mmoja kama mlevi. Akaomba radhi, akataka kukirudisha akapunguze miguu. Mama Masika alikuwa amekwisha kupanda, amejinyoosha mgongo wote, amefumba macho.

"Kiache, papa," alisema. "Kiache hivi hivi."