Kura ya Honorable na Simu Niliyopiga Nyuma ya Jikoni

Aibu niliyopata ile siku, mpaka leo nikipita mbele ya kanisa yetu naangalia chini, lakini afazali niwaelezee miye mwenyewe, juu bengine banaongeza mambo yenye hayakukuwa.

Miye nauzisha unga wa muhogo hapa Baraka. Muhogo unanifikia toka Lubondja na Mboko, kwa hiyo mvua ikinyesha, camion ikilala mu matope, ni unga wangu ndio unashika ukungu. Sasa radio ikatangaza badéputé kule Kinshasa bamepiga kura juu ya budget ya inchi, na barabara yetu haiko ndani. Nikabaki na ulizo moya tu: honorable wa kwetu, ule tulichagua siye wenyewe, alisema ndiyo ao hapana? Nikauliza muchungaji, hajui. Nikauliza mwalimu wa batoto wangu, akasema kule banainuaka mikono, nani atajua mukono wa nani. Ile jibu haikunitosha (mama yangu alikuwa akisema miye nilizaliwa kinywa mbele).

Siku ya kutayarisha sikukuu ya mavuno, bamama tulikuwa nyuma ya kanisa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, na mwenzetu Furaha ametia radio kwenye dirisha ya jikoni. Animateur, ule anaongoza kipindi, akasema batu bapige simu, batoe maoni juu ya ile kura. Na kati yetu, kwenye mukeka, alikuwa bibi yetu Koko Tabu anachambua maharagi, mama muzazi wa honorable mwenyewe. Muntu wa akili angenyamaza. Lakini nikajiambia, nitaenda kidogo nyuma ya jikoni, sitataja jina, nani atajua.

Simu ikapita palepale. "Ni nani mwenzetu?" "Ni mama moya wa Lubondja," nikasema, nikikaza sauti iwe nene kama ya mwanaume mwenye mafua. Nilitaka kuuliza tu, kweli, lakini ulizo ni fupi na kusikilizwa na muji muzima ni tamu, basi pahali pa kuuliza nikaanza kusema kwa uhakika: eti honorable alisema ndiyo, eti aliinua mukono mbio sawa mutoto ameona nyama, eti barabara ameisahau juu yeye anapita mu ndege. Nilitoa wapi hayo yote? Hata miye sijui. Ndipo kukaingia mulio wa kuvuma na animateur akasema, "Mama, punguza radio iko karibu yako." Na miye, kwa kutaka nisikike vizuri, nikageuka nikapaza sauti yangu ya kila siku: "Furaha, punguza ile radio, niko mu simu."

Michi yote ikanyamaza. Halafu kwenye dirisha nikajisikia mwenyewe namwita Furaha.

Mulango wa kutokea ulikuwa ngambo ile ya mukeka. Koko Tabu hakuinua macho. "Kuja ukae," akasema. Nikakaa.

"Ulimuona akiinua mukono?"

"Hapana, Koko."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Nilitaka tu kujua."

Akatupa jiwe moya lenye alitoa mu maharagi. "Hata miye nataka kujua. Nilimuzaa, lakini mambo ya kule haniambiaka."

Akaomba simu yangu, ileile, Furaha akamupigia namba ya mutoto wake, yenye Koko anajua kwa kichwa, akafungua haut-parleur bote tusikie, na bamama bakasogea na michi yao mukononi. Honorable akasalimia kwa heshima yote. Mama yake hakuzunguka.

"Ile siku ya budget, ulisema ndiyo ao hapana?"

"Mama, sikupiga kura. Nilikuwa inje, napokea simu."

"Simu ya nani yenye haiwezi kungoja?"

"Ya kwako, mama. Uliniita juu ya mbuzi ya jirani, yenye ilikula sombe yako."

Hakuna aliyecheka, lakini niliona mabega ya Furaha yanatikisika. "Ungeniambia uko mu kura," Koko Tabu akasema, "ningekata simu." Akakata, akanirudishia simu yangu.

Hapo ningerudia kutwanga, ingeishia pale. Lakini roho ilinisuta, nikaona nimemusingizia muntu, basi nikapiga tena radio, safari hii na jina langu, nikasema niliongopa, honorable hakusema ndiyo, hakukuwa hata mu chumba. Animateur akauliza, "Alikuwa wapi?" Na miye, muntu asiyejua kuacha ulizo bila jibu, nikajibu. Yote. Na mbuzi.

Mbele ya jua kuzama, Baraka nzima ilikuwa inauliza habari ya mbuzi; banasema mpaka Lusenda. Koko Tabu alikaa muda murefu bila kunisalimia.

Kisha siku moya akafika kwenye meza yangu, akachota unga kidogo kwenye kiganja, akauangalia.

"We unasikilizaka radio," akasema. "Kura ingine iko lini?"

Nikamuambia sijui, nitauliza.

"Uliza. Ile siku sitamupigia simu. Tuone sasa atasema nini."

Toka pale niliapa: simu ya radio sitapiga tena, na maoni yangu yatangojea nijue kwanza. Lakini kuuliza, hapo siwezi kuwadanganya, kuuliza sijaacha.