Nguo ya Kijani ya Mwenye Maji

"Unafukua nini, Nkwimba? Waliokufa wamekufa." Ndivyo dada yangu Milembe alivyonijibu jana, palepale kwenye chemchemi ya maji moto, wale vijana wanaopima maji hata hawajafunga boksi lao la barafu. Nikamwambia, "Sifukui. Umeanza mwenyewe kusema, basi malizia." Akanigeuzia mgongo. Dada yangu huyo, tumenyonya ziwa moja.

Kaa hapo mjukuu wangu, nikumalizie mimi.

Nilipokuwa mtoto, hata ndoo sijaanza kujitwisha, maji yale yalikuwa yanatoka kwenye mwamba yanafuka moshi, yanateremka, yanakwenda kupoa kwenye kidimbwi. Watu waliyapenda. Walisema haya Mungu ameshayachemsha, ya kuogopa nini? Lakini bibi yetu Nyanzala, mama yake baba, kila asubuhi ya kiangazi alikwenda kuchovya kibuyu pembeni ya kidimbwi. Kikitoka na utelezi wa kijani mdomoni, anarudi anasema, "Mwenye maji ameanika nguo. Leo asinywe mtu wala mnyama, atakayekunywa atakufa, mpaka azianue." Basi hapo ni kwenda mtoni kuchimba mchanga, maji yanatoka kidogokidogo kama chakula cha mchoyo. Ukimaliza kunywesha ndama watatu, jua liko utosini.

Siku moja bibi alirudi na neno lake hilo. Kaka zetu walikuwa wanachuma pamba, ndama akapewa Milembe, mimi nikamfuata nyuma. Njiani akaanza kununa. "Nichimbe mimi, yeye amekaa kivulini? Nguo iko wapi? Mimi naona maji." Akawashusha ndama kwenye kidimbwi. Wakanywa wakashiba, naye akaingia kuwatoa, kijani mpaka vifundoni. Halafu akanifinya mkono. "Ukisema, utalala nje na fisi."

Jioni ndama walianza kutetemeka. Asubuhi wote watatu wamekufa.

Baba zetu wakubwa wakaita mganga. Mganga akauliza neno moja tu: "Nani alitangulia kusema kwamba watakufa?" Watu wote wakamgeukia bibi. Na macho yake yalikuwa mekundu, si unajua moshi wa mavi ya ng'ombe, mtu aliyepika nao miaka yote? Wao wakaona macho ya mchawi.

Baba akamwita Milembe. "Uliwanyweshea wapi?"

"Mtoni, baba. Kwenye shimo, kama bibi alivyosema."

Bibi akamwangalia miguu. Kile kijani kilikuwa kimekaukia kwenye visigino vya Milembe. Mimi nilikiona. Bibi alikiona. Nikasubiri aseme. Akasema, "Nenda kanawe miguu, mwanangu."

Wakamfukuza bibi. Alibeba kigoda na kile kibuyu, akaishika njia ya Ushirombo kwa kaka yake, na huko ndiko alikofia. Sisi Wasukuma tunawarudisha wazee wetu kwa majina. Ukoo wetu umezaa watoto mpaka siwajui wote, lakini Nyanzala hayupo hata mmoja.

Sasa jana. Yule binti wa vipimo, mwenye glovu, alikuwa ameleta majibu ya maji waliyochukua mwanzo. Akasema kile kijani ni kitu hai, kina sumu ya kuharibu ini, na maji yakishakuwa nayo, hata uyachemshe namna gani, haitoki. Watu wakashika midomo. Mara Milembe huyo, mbele. "Hayo nyumba yetu tunayajua toka zamani. Bibi yetu ndiye alitufundisha. Tulimpenda sana yule mama!" Wakamwandika jina, wakampiga picha, watu wakampigia makofi. Ndipo nikamwambia amalizie.

Uongo wa mtoto namsamehe, mtoto anaogopa fimbo. Lakini huyu ni mwanamke mwenye vitukuu. Alimla bibi akiwa hai, jana akamla tena akiwa marehemu, na watu wanamwona anamheshimu. Mimi nilikuwa nasubiri siku moja ataniambia, "Mdogo wangu, twende tukaseme." Nimesubiri mpaka meno yameisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anasubiri nife.

Na mimi nilikuwa na mdomo. Fisi alikuwa wa siku moja tu. Baada ya hapo nilinyamaza kwa kupenda, maana Milembe alikuwa ananibeba mgongoni.

Wewe kesho unakwenda Katoro kwa dada yako, ana ujauzito mkubwa. Mwambie akipata wa kike, kuna jina limekaa bila mtu, na si jina la mchawi. Mweleze kibuyu, mweleze ndama, mweleze visigino. Akikuuliza nani kasema, mwambie ni bibi Nkwimba, aliyeona akanyamaza. Hilo la mwisho usilikate. Milembe yeye amekata la kwake.