Toboa Tena

Jumamosi nilikuwa kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma hapa Dilala, nikingojea bawaba ya mlango wangu, mwendesha taksi-moto alipoingia akisukuma pikipiki. Juma lililopita fundi alikuwa amemzibia kwa kipande cha bati bomba la moshi lililopasuka, maana bomba jipya lilimshinda bei na majirani walikuwa wamechoka na kelele.

"Tata, toboa tena," alimwambia fundi kwa heshima.

Fundi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kazi yangu ni mubaya?"

"Ni muzuri sana. Lakini mama yangu ni kipofu, haone. Alikuwa ananisikia tangu ku barabara, anakuya kufungua mulango. Sasa nikifika anashituka, anauliza ni nani. Mi mutoto wake."

Fundi alionyesha honi kwenye usukani. "Piga klakson."

"Klakson ya bataksi-moto yote ni moja."

Fundi alipitisha kidole gumba juu ya mshono wake, polepole, kisha akachukua drili. Alipomaliza, dereva aliwasha injini na kuinamisha kichwa asikilize. Kelele ilitoka kali, kama filimbi.

"Hapana," alisema. "Ile ilikuwa inakohoa."

Fundi alipanua tundu. Safari hii bomba lilinguruma tu. Dereva alitikisa kichwa.

"Pole, ndugu," fundi alisema. "Mi najua kutengeneza. Kurudisha vile ilikuwa imeharibika, sijue."

Dereva alishukuru, akaondoka. Majirani wataanza tena kulalamika, na sasa kelele yenyewe haimfai mtu yeyote.