Kulwa na Doto, Amplifaya Mbili za Bariadi

Vumbi likiungua juu ya kioo cha moto lina harufu yake, na ukishaijua huisahau: kavu, tamu kidogo, kama mahindi yaliyoachwa kikaangoni mtu akaenda kupiga soga. Mwezi uliopita niliikuta Mwanza, katika duka la vyombo vya muziki, nilikokwenda kumnunulia mpwa wangu nyuzi za gitaa. Kijana wa dukani alikuwa amewasha amplifaya mpya kabisa, ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama taa, iliyotengenezwa ionekane na isikike kama zile za zamani. "Hii ni kopi, mama, lakini kopi ya heshima," akaniambia kwa majivuno. "Huwezi kuitofautisha na yenyewe." Nilitoka nje bila nyuzi. Mniwie radhi mnaonisoma, mimi si mtu wa kusamehe upesi, na hilo analojisifia yeye ndilo lililotumaliza sisi nyumbani.

Baba yangu, Nkwabi, alikuwa fundi redio Bariadi, enzi hizo mji ukiwa bado wa wilaya tu, na malori ya pamba mengi kuliko magari ya serikali. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu. Rafiki yake mkubwa alikuwa Masunga, mpiga gitaa. Walichunga ng'ombe pamoja, wakachapwa pamoja, wakatoroka shule pamoja. Masunga alipokuja kwetu hakupiga hodi. Alisema "Mwadila", salamu ya kwetu, akiwa tayari ameshakaa, na mama alimwekea ugali bila kuulizwa.

Masunga alikuwa na amplifaya ya valvu aliyoirithi kwa bendi moja ya zamani iliyovunjika. Ilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa cha rangi ya ugoro mbele ya spika, na juu yake kovu jeusi mahali ambapo mwanamuziki fulani, Mungu amrehemu, alisahau sigara yake. Amplifaya mpya za madukani zilikuwa na sauti ya bati. Hii, Masunga akipiga nyuzi polepole, ilizungumza kwa upole, na akizikandamiza ilikwaruza kidogo, kama mtu anayezuia kilio. Watu wazima walinyamaza wakiisikia.

Niwaeleze kidogo mambo ya ngoma, maana bila hayo hamtaelewa. Kwetu Usukumani, kiangazi, mavuno yakishaingia, makundi mawili hushindana kwenye uwanja mmoja na kwa wakati mmoja. Jaji hakuna. Watu wenyewe huenda kwenye kundi linalowavuta, na kundi linalobaki na wachache limeshindwa. Kwa hiyo kila kundi lina bugota, yaani dawa ya kuvuta watu, na hujisifu nayo hadharani kwenye nyimbo zake. Kundi la Masunga lilikuwa limeingiza gitaa la umeme na jenereta, na halikuwa limeshindwa miaka mingi.

Kila mwaka kabla ya mashindano, Masunga alimletea baba ile amplifaya aisafishe. Baba aliifungua kwa heshima, akavua hata kofia. Aliniita nitazame. "Ona, Kabula, hakuna kilichofichwa," alisema. "Vitu vichache, kila kimoja kina kazi yake. Aliyeiunda hii hakuwa na haraka." Mwaka ule alipomaliza kuipima alimwambia Masunga, nikiwa nimekaa pale pale nikichambua mchele: "Ndugu yangu, valvu zimechoka. Sidhani kama zitamaliza msimu." Masunga alicheka tu, akakataa zibadilishwe, akasema hata yeye amechoka lakini bado anaimba.

Basi baba akaamua kuitengenezea pacha. Aliuchora mpangilio wake wote kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha mbele, na mama akapigwa marufuku kupitisha ufagio hapo. Valvu alizitoa kwenye redio kuukuu za misheni. Transfoma aliizungusha waya kwa mkono, mama akishika kibunda upande wa pili na kulalamika kwamba yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na kiwanda. Mbao alizipata, kitambaa alikipata akakichovya kwenye majani ya chai hadi rangi ikafanana. Kisha, kwa mapenzi tu, akawasha sigara ambayo hakuivuta na kuilaza juu ya sanduku jipya, mahali pale pale, mpaka kovu likatokea. Alirudi nyuma kuitazama kazi yake, uso umemng'aa. Ya zamani akaiita Kulwa, na mpya Doto, kama tunavyowaita mapacha kwetu.

Masunga alipokuja kuchukua chake, baba alifunika masanduku yote mawili kwa kitenge cha mama, akayabadilisha nafasi, akamwambia apige kwanza kwenye moja kisha kwenye jingine, halafu aonyeshe Kulwa ni yupi. Masunga alipiga. Alipiga tena akiwa amefumba macho. Mwishowe akanyoosha kidole bila wasiwasi, na baba akafunua kitenge: alikuwa ameonyesha Doto. Baba alipiga makofi, akaruka, akamkumbatia. "Sasa hata Kulwa akifa, wewe huna msiba!" Masunga alisema, "Wabeja, Nkwabi," yaani asante, akambeba Kulwa wake akaondoka. Siku hiyo hakula ugali.

Kulwa alikufa uwanjani, katikati ya wimbo, kama baba alivyosema. Nilikuwepo. Alikoroma, akanong'ona, akanyamaza, na jenereta ikaendelea kunguruma peke yake. Watu walisubiri kidogo, kisha wakaanza kuhamia upande wa pili, kwanza watoto, halafu wanawake, halafu hata jamaa zake mwenyewe. Baba alikimbia kwenda kumchukua Doto nyumbani. Aliporudi akihema, sanduku kichwani, uwanja ulikuwa umeshahama, na wazee wa ngoma walilitazama lile sanduku lenye kitambaa kile kile na kovu lile lile, kisha wakatazamana.

Kesho yake walikuja uani kwetu, na Masunga yumo. Hawakuja kwa matusi. Mkubwa wao aliongea taratibu, karibu kwa kusifu. "Nkwabi, kuvuta sauti ya kitu ukaiweka kwenye kingine, hiyo ni bugota nzito. Hatujui kama unayo. Tuambie tu, toa mbuzi, mrudishie mwenzako sauti yake, yaishe."

"Hakuna dawa, wazee," baba alisema. "Ni waya na valvu. Nimeiga."

"Sanduku tunaelewa unaweza kuiga. Kovu uliiga la nini?"

Baba angewaambiaje watu wazima kwamba alikipenda kile kitu mpaka na kidonda chake? Mama alisogea akamnong'oneza, lakini mimi nilisikia: "Kubali, baba Kabula. Mbuzi yupo. Sema ni dawa, tule, tulale." Na kweli angekubali, angeheshimiwa. Makundi yangepanga foleni mlangoni kwetu. Badala yake alimgeukia rafiki yake. "Masunga, waambie. Nilikuambia valvu zimechoka."

Masunga aliangalia vidole vyake vya miguu. "Mimi sijui mambo ya waya," alisema.

Waliamua Doto aende kwa Masunga, kwa kuwa sauti ni yake. Na kwa kuwa baba amekataa kukiri, asisaidiwe na mtu hadi akiri. Redio zikaacha kuletwa. Pamba yetu ilipopasuka hatukuona jirani hata mmoja shambani, na ile tusiyoiwahi kwa mikono yetu sisi watatu ikaanguka, ikachafuka. Mama alifuta mchoro wa chaki ukutani kwa maji na hasira. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," alisema, "basi Mungu na aje avune." Baba hakukiri mwaka ule, wala uliofuata. Masunga alipiga gitaa kwenye Doto msimu hadi msimu, na watu wakasimulia jinsi alivyoirudisha sauti yake kutoka kwa mchawi. Upepo ukielekea kwetu, baba aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza. "Valvu ya pili inataka kubadilishwa," alisema siku moja. "Ninayo hapa. Angemleta Doto tu." Hakuletwa. Doto naye alipokufa, Masunga alitangaza kwamba amezeeka, akatundika gitaa.

Utotoni niliwachukia wale wazee na bugota yao. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba wao walisema walichokiamini, na hao nimewasamehe. Miongoni mwa waliokuja uani alikuwemo mmoja tu ambaye hakuamini hata neno, naye alikuwa Masunga. Aliambiwa habari ya valvu na masikio yangu yakiwepo. Kilichomuuma ni kile kidole alichonyoosha kwa Doto. Bila mwizi, angelazimika kuwaambia watu kwamba sauti waliyoifuata miaka yote ingeweza kuundwa na rafiki yake, mezani, kwa waya. Akachagua mwizi.

Baba hakuwahi kuliona hilo. Hata kwenye kitanda chake cha mwisho, mtu akilitaja jina lile, alitikisa kichwa kwa huruma. "Masikini Masunga," alisema, "hakujua mambo ya waya. Mngemlaumu kwa lipi?" Mama alinitazama, nami nikamtazama, na ulimi ulikuwa unanichoma. Tukanyamaza wote wawili. Walikuwa wamemchukulia kila kitu, rafiki tukamwachia.